Kigoma, Bandari ya Manowari Iliyoachwa

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa gari moshi, akapita Morogoro, Dodoma na Tabora, hufika mwisho wa safari mahali ambapo reli na maji hukutana. Mahali hapo ni Kigoma, na maji hayo ni ya Ziwa Tanganyika. Jengo la stesheni ni la kale, tena ni imara, na ghuba iliyo mbele yake imezungukwa na vilima kama mtu aliyekumbatia mtungi. Siku hizi watu wa hapo hushughulika na dagaa, mawese, magunia ya mizigo na abiria waendao Burundi na Kongo. Ni wachache wakumbukao kwamba zamani ghuba hiyo ilikuwa makao ya manowari. Kwamba kwa muda wa miaka miwili hivi wenye bandari hiyo walilitawala ziwa zima. Na kwamba katika mwezi mmoja wa Julai waliiacha, wakaenda zao, wasirudi tena.

Habari hii yafaa kujulikana, kwa maana ndani yake mna mafundisho kwa mtu anayeshika jembe na kwa mtu anayeshika kalamu.

Ziwa Tanganyika ni refu kuliko maziwa yote ya maji matamu duniani. Urefu wake wakaribia maili 420, na kwa kina linashindwa na ziwa moja tu, Baikal la huko Urusi. Mwaka 1914 pwani ya mashariki ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi. Pwani ya magharibi ilikuwa ya Wabelgiji wa Kongo, na ncha ya kusini ilikuwa ya Waingereza wa Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia. Barabara za kuzunguka ziwa hazikuwapo. Basi mwenye merikebu ndiye aliyekuwa mwenye njia, na asiye na merikebu alikaa pwani akitazama.

Mji mkubwa wa zamani katika sehemu hiyo ulikuwa Ujiji, mji wa wafanya biashara na misafara, ambamo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Lakini pwani ya Ujiji iko wazi, nayo haina kina cha kufaa vyombo vikubwa. Maili chache upande wa kaskazini yake ipo ghuba ya Kigoma, yenye kina na kimya. Wadachi walipoanza kujenga reli yao kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, walikusudia kufika ziwani, na Februari 1914 reli ikafika Kigoma, baada ya kupita nchi ya maili 780 hivi. Kazi hiyo ilifanywa kwa mikono ya maelfu ya watu waliochimba, wakapasua miamba na kulaza mataruma juani. Miezi sita tu baadaye vita vikazuka Ulaya, na reli iliyojengwa kwa biashara ikaanza kuchukua mizinga.

MERIKEBU KATIKA MAKASHA

Wadachi walikuwa na merikebu ndogo ziwani tangu mwaka 1900, iliyoitwa Hedwig von Wissmann, kwa jina la mke wa aliyekuwa Gavana wao. Waliongeza na nyingine ndogo zaidi, Kingani, iliyoletwa kutoka pwani kwa gari moshi. Vyombo hivyo vikafungwa mizinga. Mabaharia wake wengi walitoka katika manowari iitwayo Möwe, ambayo Wadachi wenyewe waliizamisha Dar es Salaam mwezi Agosti 1914 ili isitekwe. Mkubwa wao, Gustav Zimmer, akapelekwa Kigoma pamoja na watu wake kuilinda ile bahari ya bara.

Hawakukawia kuanza. Tarehe 22 Agosti 1914, Hedwig ilivuka ziwa, ikaiharibu merikebu ya Wabelgiji iliyoitwa Alexandre Delcommune. Mwezi Novemba wakaziharibu na merikebu za Waingereza huko kusini. Mwaka ulipokwisha hapakuwa na chombo cha adui kilichoweza kutoka bandarini. Msomaji wa Kisumu hatastaajabu, kwa kuwa katika ziwa lake pia, mwaka huo huo, merikebu za Winifred na Kavirondo zilivishwa mizinga zikatumwa Karungu kupambana na merikebu ya Wadachi iliyotoka Mwanza.

Lakini fahari ya Kigoma ilikuwa bado haijaonekana. Mwaka 1913, katika mji wa Papenburg huko Ujerumani, mafundi walikuwa wameunda merikebu yenye urefu wa futi 234. Walipokwisha kuiunga waliifungua tena vipande vipande, wakavitia katika makasha, na yasemekana makasha hayo yalifikia 5,000. Yakaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha kwa gari moshi mpaka Kigoma. Pamoja nayo walikuja mafundi watatu, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, ambao kazi yao ilikuwa kuiunga upya, bati kwa bati, msumari kwa msumari. Bila shaka watatu peke yao hawangeweza. Wenyeji wengi walifanya kazi pale ufukoni kubeba chuma, kuchochea moto na kugonga nyundo.

Merikebu hiyo ikapewa jina la Graf von Götzen, aliyekuwa Gavana wakati wa vita vya Maji Maji. Ikashuliwa majini tarehe 5 Februari 1915, na katikati ya mwaka huo ikaanza kusafiri. Ilipofungwa mzinga mmoja wa inchi nne, uliotolewa katika manowari Königsberg iliyoangamia katika mto Rufiji mwezi Julai, hapakuwa na kitu ziwani kilichothubutu kuikaribia. Iliweza kuchukua mamia ya askari kutoka Kigoma na kuwashusha ncha ya kusini katika siku chache, safari ambayo kwa miguu ingewala wiki nyingi. Wakati huo mtu aliyesimama katika gati la Kigoma angeweza kuapa kwamba bandari ile haitashindwa kamwe.

MASHUA MBILI ZA KUVUKA MILIMA

Aliyeleta wazo la kuwashinda Wadachi ziwani hakuwa mkubwa wa jeshi. Alikuwa mwindaji wa tembo, John Lee, mtu aliyeijua nchi. Mwezi Aprili 1915 alifika London akawaeleza wakubwa wa manowari kwamba mashua ndogo zenye mbio, zikiweza kupelekwa kwa siri, zingetosha. Mashua mbili zikatayarishwa, kila moja ya futi 40, zenye mzinga mdogo mbele na bombomu nyuma. Zikaitwa Mimi na Toutou, majina ambayo watoto wa Kifaransa huwaitia paka na mbwa. Mkubwa wa safari alikuwa Geoffrey Spicer-Simson, mtu mwenye majivuno mengi, aliyechanjwa picha mwilini, na ambaye huko ziwani alipenda kuvaa vazi kama sketi, hata wenyeji wakawa hawaishi kumsimulia.

Mashua hizo ziliondoka Uingereza mwezi Juni, zikafika Cape Town kwa bahari, kisha kwa reli mpaka Fungurume katika Katanga. Kutoka hapo hapakuwa na reli wala barabara. Mbele yao ilisimama milima ya Mitumba, yenye kimo cha futi 6,000 na zaidi. Ikawa lazima njia ikatwe msituni, na madaraja zaidi ya 100 yajengwe kwa magogo. Mashua zilivutwa kwa magari ya stimu, kwa ng'ombe, na mahali pengine kwa kamba na mabega ya wanadamu. Magari ya stimu yalipokosa maji, wanawake wa vijijini waliyaleta kwa vyungu vichwani kutoka mbali. Mwisho wa Septemba walikuwa wamevuka. Wakaingia tena katika reli, wakateremka mto Lualaba uliokuwa na maji haba, na mwisho wa Oktoba 1915 wakafika Lukuga, karibu na mji unaoitwa leo Kalemie. Huko wakajenga kwa mawe kinga ya kuzuia mawimbi, ili mashua zipate mahali pa kutulia.

Kigoma ilikuwa maili 80 tu ng'ambo ya maji. Wadachi walikuwa na habari kidogo kwamba kuna kazi inayofanywa upande wa pili, lakini hawakujua ni kazi gani.

MERIKEBU ZISIZORUDI

Tarehe 26 Desemba 1915 ilikuwa Jumapili. Merikebu Kingani ilikwenda kuchungulia pwani ya Wabelgiji, na Waingereza walikuwa wamo katika sala. Sala ilipokwisha mashua zikatoka. Mapigano yalichukua dakika kumi na moja. Nahodha wa Kingani akauawa, na chombo chake kikatekwa, kikatengenezwa, kikapewa jina jipya la Fifi.

Inafaa kulitazama jambo hili kwa macho ya watu wa Kigoma. Kwao hapakusikika mzinga, wala hapakuja mjumbe. Merikebu ilikuwa imekwenda; basi haikurudi. Siku zikapita, kisha wiki. Mwezi Februari Hedwig ikaamriwa kwenda, na tarehe 9 Februari 1916 ikakutana na Mimi pamoja na Fifi, yaani ikapigwa na ile ile merikebu waliyokuwa wakiitafuta. Hedwig ikazama. Siku ya pili yake Götzen yenyewe ikaonekana ikipita polepole ikiangaza pwani, ikimtafuta mwenziwe. Spicer-Simson aliitazama kutoka nchi kavu, akakataa kutoka kuipiga, na watu wake wakanung'unika. Götzen nayo ikarudi Kigoma bila jibu.

Tangu hapo hofu ikahamia upande wa mashariki. Merikebu kubwa iliyokuwa tishio la kila mtu ikawa yapaswa kulindwa. Wabelgiji wakaletewa ndege za kushuka na kuruka majini, wakazificha katika ziwa dogo la Tongwe, na tarehe 10 Juni 1916 zikaruka mpaka Kigoma kudondosha mabomu. Watu waliokuwa hawajapata kuiona reli miaka mitatu nyuma, sasa waliona moto ukitoka mawinguni.

Tena kulikuwa na jambo ambalo watu wa pwani ya Kongo hawakulijua. Mzinga mkubwa wa Götzen ulikuwa umeondolewa kwa ajili ya vita vya nchi kavu, na inasimuliwa kwamba mahali pake paliwekwa gogo lililochongwa likafanana na mzinga. Hivyo kwa muda fulani ziwa zima lililiogopa gogo.

USIKU WA KUIACHA

Haikuwa manowari iliyoishinda Kigoma. Ilishindwa na miguu. Majeshi ya Wabelgiji, ambayo askari wake karibu wote walikuwa Waafrika wa Kongo, yalikuwa yameshuka kupitia Rwanda na Burundi, nayo yalikuwa yakielekea reli. Reli ikikatwa, bandari ni mtego. Zimmer akaamuru watu waondoke kwenda Tabora, na merikebu izamishwe.

Amri hiyo ikawaangukia wale mafundi watatu walioiunda. Watu waliokuwa wamekaa miezi mingi wakiunga kila bati, sasa waliambiwa waipeleke chini ya maji. Wakaitii amri, lakini waliitii kwa namna yao. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yote mafuta mazito ya grisi, kila chuma na kila kiungo, ili maji yasiile. Wakaishindilia mchanga ikawa nzito. Kisha tarehe 26 Julai 1916, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, kusini ya Kigoma, wakaifungulia maji, ikashuka taratibu hata chini ikiwa nzima. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma. Mwezi Septemba wakaingia Tabora.

Hivyo ndivyo bandari ya manowari ilivyoachwa. Na ile ya upande wa pili, iliyojengwa kwa mawe kwa haraka, nayo haikuwa na kazi tena. Waingereza walikwenda kusini, kisha wakaenda kwao. Mambo yaliyokuwa yamegharimu fedha nyingi na roho za watu yalikwisha kama moto wa majani makavu.

Vita vilipokwisha, mataifa yaliketi mezani kugawana. Mwaka 1921 Kigoma ikakabidhiwa Waingereza, na kwa mapatano ya mwaka huo Wabelgiji wakaachiwa sehemu yao ya bandari, pale Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mtu aweza kutulia akafikiri. Makasha 5,000, milima iliyovukwa, merikebu zilizozama, mabomu yaliyodondoshwa, na watu waliokufa. Na mwisho wa yote, karatasi moja na faranga moja.

AKIBA HAIOZI

Lakini habari haikuishia hapo. Wabelgiji waliiinua Götzen wakaivuta, nayo ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua mara ya pili. Walipoondoa matope wakaikuta mitambo ingali nzuri, kwa ajili ya ile grisi iliyopakwa na mikono ya maadui zao. Ikatengenezwa, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone aliandika kuwa ndilo lililotumika kwa sehemu ya kusini ya ziwa.

Tangu hapo haikufungwa mzinga tena. Ilichukua abiria, mahindi, mananasi, samaki wakavu na vitanda vya maharusi, ikisimama mbele ya vijiji visivyo na gati huku mitumbwi ikiizunguka kama vifaranga. Miaka ikapita, stimu ikatolewa, ikatiwa injini za dizeli. Mwaka 1997 iliwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo. Na mwezi Mei 2015, watu wa Burundi walipokimbilia Kagunga kwa maelfu, mahali penye mlima nyuma na maji mbele, ni Liemba iliyokwenda mara kwa mara kuwachukua wakongwe, wagonjwa na akina mama wenye watoto, ikawaleta Kigoma. Merikebu iliyoundwa ili kupeleka askari vitani ikawapakia wale wanaoikimbia bunduki, na bandari iliyoachwa na wapiganaji ikawa kimbilio.

Wazee husema, kitunze kidumu. Rüter na wenzake hawakujua nani ataifaidi kazi yao. Walikuwa wameshindwa, nchi si yao, na merikebu hawakuwa na tumaini la kuiona tena. Hata hivyo hawakuona vema kukiacha chombo kizuri kiharibike. Mkulima anayelipaka jembe lake la kukokotwa mafuta mwisho wa masika, na karani anayelipanga faili vizuri siku ya mwisho ya kazi yake, wanaifahamu tabia hiyo. Mtu wa namna hiyo huwawekea akiba watu asiowajua.

Liko na jambo la pili, nalo ni deni. Majina ya makapteni wa ziwa yameandikwa katika vitabu, na hata riwaya na filamu zimetungwa kwa kisa hiki. Lakini wale waliokata kuni za boila, walioshika kamba katika milima ya Mitumba, na wale wanawake wa vyungu, ni nadra kutajwa. Nairobi wana ukumbusho wao wa sanamu tatu, ambamo mpagazi amesimama pamoja na askari, na mitaa ya Kariokor na Kariakoo ingali yalitaja jeshi la wapagazi kila siku, ijapokuwa wengi walitajao hawajui. Huko ziwani ukumbusho wa watu hao ni ile merikebu yenyewe iliyoungwa kwa nyundo zao, na reli iendayo mpaka kwenye maji.

Jioni jua huzama nyuma ya milima ya Kongo, na wavuvi wa Kigoma huwasha taa zao wakaenda kutafuta dagaa. Taa hizo zikitapakaa juu ya maji, mgeni aweza kudhani kwamba mji mwingine umejengwa ziwani. Hupita mahali ambapo mabaharia walikuwa wakikesha wakiingojea Kingani. Wao hawamngojei adui. Wanangojea samaki, na alfajiri hurudi nyumbani.